Nunua kwa Sikio la Miaka Mitano Ijayo: Mashine ya Nguvu ya Nyuma ya Sikio, kwa Sisi Tuliorithi

Kama kwenu usikivu hupungua kwa kurithi, bibi alianza, mama akafuata na sasa zamu imefika kwako, usinunue mashine ya kusaidia kusikia inayokutosha leo. Nunua itakayokutosha baada ya miaka mitano. Mimi nimevaa mashine ya nguvu ya nyuma ya sikio tangu masika ya mwaka juzi, na hili ndilo neno kubwa nililonalo juu yake. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi. Aina hii hutengenezwa na kampuni kadhaa, na mambo ya kuangalia ni yale yale popote utakaponunua.

Mimi ni fundi cherehani na muuza khanga, Ngamiani, Tanga. Kwetu masikio huanza kuchoka mtu akiwa katikati ya miaka ya thelathini. Bibi mzaa mama ndiye wa kwanza tunayemjua. Enzi zake ilisemwa kuna mtu kamfunga masikio, lawama zikamwangukia mke mwenza, na pesa nyingi zikaishia kwa waganga. Mama alianza nikiwa shule ya msingi. Akafuata mjomba, kisha mtoto wa kwanza wa mjomba, kisha mimi. Lakini mama mkubwa, dada yao wa tumbo moja, ameshapita miaka sabini na mkinong'ona chumba cha pili anawajibu. Watoto wake wote wazima.

Daktari wa masikio niliyemwona Dar es Salaam hakuanza na habari za mashine. Alichukua karatasi akachora ukoo wetu, miraba kwa wanaume na duara kwa wanawake, akawatia wino wale wasiosikia. Kisha akauliza, "Mama, huyu mjomba wako, watoto wake wanasikia?" Nikamwambia mkubwa wake hasikii vizuri. Akaniambia jibu hilo lina uzito, kwa sababu upo uziwi wa kurithi unaopitia kwa mama tu, baba hawezi kumpa mtoto. Baadhi ya wenye huo wanaweza kuharibiwa masikio na sindano za dawa za kuua bakteria ziitwazo gentamaisini au streptomaisini, hata kwa kipimo ambacho mtu mwingine hakimdhuru. Sasa kama mjomba amempa mwanawe, wetu haupiti njia hiyo. Wetu unatoka kwa mzazi yeyote aliye nao, na kila mtoto anayezaliwa, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Asiyeupata hana cha kumpa mwanawe, ndiyo maana kwa mama mkubwa umekoma. Nilitoka pale nikimfikiria yule mke mwenza wa bibi. Alionewa mpaka anaingia kaburini, na jambo lenyewe lilikuwa kwenye damu yetu wenyewe.

Jeni yetu, yaani kile kipande cha urithi kinachotuletea uziwi huu, haijapimwa. Zinazojulikana kuharibu usikivu peke yake, bila kuleta ugonjwa mwingine mwilini, zimepita 100, na hazifanani mwendo. Upo ukoo mmoja wa Cartago, nchini Costa Rica, uliochunguzwa miaka mingi. Kwao huanza mtoto akiwa na miaka kama 10, sauti nzito ndizo zinazotangulia kupotea, na wengi wakifika miaka 30 hawasikii tena. Mwaka 1992 watafiti waliandika kwamba jeni yao iko kwenye kromosomu ya 5, na mwaka 1997 ikapatikana yenyewe. Kwetu ni kinyume, zinatangulia sauti nyembamba na tunateremka polepole. Nayataja haya kwa sababu anayekuuzia mashine anatakiwa ajue sikio lako linaharibikia upande gani na kwa kasi gani. Asipouliza kabisa habari za ukoo wako, mimi ningetafuta mwingine.

Hiyo kasi inaonekana kwenye chati ya kipimo. Upande wa kushoto wa chati kuna sauti nzito, kulia kuna nyembamba, na alama zikiteremka chini ndivyo usikivu ulivyopungua. Miduara myekundu ni sikio la kulia, alama za X za buluu ni la kushoto. Yangu inaanzia desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye sauti nzito, inateremka kama mlima mpaka 70 kwenye nyembamba. Chati niliyopimwa miaka michache kabla ilikuwa juu ya hapo kwa desibeli 15 hivi. Daktari aliziweka pamoja mezani, akapitisha kidole kutoka ile ya zamani hadi mpya, kisha akaendelea kukishusha pale ambapo bado hapajaandikwa kitu. Hapo ndipo nilipoelewa nanunua kitu cha namna gani.

Dukani, mteremko huo una maana moja. Irabu nazisikia, lakini s, t, f na k zinaponyoka. Mteja akitaja bei, elfu sita na elfu tisa kwangu zilikuwa sauti moja. Nilikuwa namwambia aniandikie kwenye simu, na wengine walidhani najifanya sikubaliani na bei yao.

Madukani utaonyeshwa mashine za aina tatu hivi. Kuna ndogo inayozama ndani ya tundu la sikio isionekane. Kuna nyembamba ya nyuma ya sikio yenye waya mwembamba, na spika yake inakaa ndani ya tundu. Na kuna ile nene kidogo ya nyuma ya sikio, yenye mrija laini unaoshuka kwenye kiziba kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lako mwenyewe. Watoto wa watu wazima wanaokuja kumnunulia mzazi hupenda ya kwanza, maana haionekani. Wauzaji wengi huisukuma ya pili, maana ni ya kisasa, inachaji kama simu, na sauti yake kweli ni nzuri. Hii ya tatu inaitwa ya wazee. Mimi nilichukua hiyo ya tatu.

Mtoto wa mjomba alichukua ya kwanza, duka fulani ambalo sitalitaja, alipokuwa na hali kama yangu. Ilimfaa sana mwanzoni. Usikivu uliposhuka tena, alirudi waiongezee sauti, wakaongeza mpaka ikaanza kupiga mluzi kila akitafuna, na hapo ikawa mwisho wake. Mashine yenyewe ilikuwa nzima kabisa, haina ubovu wowote. Masikio yake ndiyo yalikuwa yameshuka kupita uwezo wa mashine. Sasa iko kwenye kabati na pesa zimekwenda. Alipoinunua hakuna aliyemwambia kwamba ugonjwa wa kwetu hausimami.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kudai ni karatasi ya vipimo vya mashine. Kila mashine ya maana inayo, na ndani yake kuna mchoro unaofanana na chati ya daktari, sehemu ikiwa imetiwa kivuli. Kivuli hicho ndiyo masikio inayoweza kuyahudumia. Weka chati yako juu yake. Kama mstari wako umeshagusa ukingo wa chini wa kivuli, iache, hata kama muuzaji anakuvalisha pale pale na unasikia vizuri. Yangu ilibakisha chini ya mstari nafasi ya desibeli 25 hivi, na kwa mwendo wetu hiyo ni miaka kadhaa. Kwa haki niseme pia kwamba baadhi ya zile zenye waya mwembamba unaweza kubadilishiwa spika ukawekewa yenye nguvu zaidi bila kununua mashine nyingine. Ukiipenda hiyo, uliza ukiwa hujalipa: spika kubwa ipo hapa nchini, inagharimu kiasi gani, na atakayeibadilisha ni nani?

Jambo la pili ni mtu anayekufungia mashine sikioni. Mtaalamu wangu aliingiza mrija mwembamba kama uzi ndani ya sikio, akanivalisha mashine juu yake, akapiga sauti za maneno kutoka kwenye spika huku kompyuta ikimwonyesha sauti inayofika kwenye ngoma ya sikio. Akarekebisha mstari kwa mstari. Kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Mama, zamani, alivalishwa mashine, akaulizwa "Unasikia?", akajibu ndiyo, akaruhusiwa. Ile ya mama ilikuwa na kiskurubu kidogo cha kuongeza na kupunguza sauti nzito, basi. Yangu inaunganishwa kwenye kompyuta, na kila nikipimwa upya inapangwa kufuata chati mpya. Mwaka huu imeshusha mstari pamoja nami, sikununua kitu. Kwa mtu ambaye usikivu wake unahama, hili ndilo linalofanya bei ivumilike.

Bei, basi. Nililipa shilingi 1,400,000 kwa kila sikio, na pesa ya kiziba ilikuwa pembeni. Ni pesa nyingi mno. Zilitoka kwenye mchezo wa kina mama wa mtaani, nyingine akatoa kaka yangu aliye Muscat. Ukiwa na uwezo wa moja tu, nunua moja nzuri kuliko mbili dhaifu, lakini ujue kwamba kwa sikio moja utashindwa kutambua sauti inatoka upande gani, na barabarani hilo ni hatari. Zile za elfu hamsini zinazouzwa mitandaoni ziache. Zinakuza kila kitu kwa pamoja, sufuria na sauti ya mtu, na hazifuati chati ya mtu yeyote.

Betri. Yangu inatumia zile ndogo za duara za namba 13, zenye karatasi ya rangi ya chungwa. Kila namba ina rangi yake dunia nzima: 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 buluu. Ni betri zinazofanya kazi kwa kuvuta hewa, kwa hiyo ukibandua karatasi ziache wazi kama dakika moja kabla ya kuziweka, na kuirudisha karatasi hakusaidii, imeshaanza kuisha. Moja hunipeleka wiki na siku kadhaa. Wengi wananiuliza kwa nini sikuchukua ya kuchaji. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi mwenye ya kuchaji anafungua duka akiwa kiziwi. Mimi nina pakiti kwenye mkoba. Ila Tanga sizipati kila wakati, naagiza Dar kwa basi, na zikikaa muda mrefu dukani zinafika zimechoka. Angalia tarehe nyuma ya pakiti.

Sasa nieleze jambo ambalo hakuna muuzaji aliyenieleza, nalo linawahusu wanawake wengi wa pwani. Maikrofoni za mashine hii ziko juu ya sikio, na sisi tunavaa mtandio. Kitambaa kikipita juu yake unasikia mikwaruzo mfululizo, na kikibana, sauti inarudi kwenye maikrofoni na mashine inapiga mluzi ambao jirani anausikia na wewe pengine huusikii. Siku za kwanza nilitaka kuirudisha. Kwa kuwa vitambaa ndiyo kazi yangu, nikavijaribu kimoja kimoja. Shifoni ya nailoni ni mbaya kuliko zote, inakwaruza na kila ukigeuza shingo inateleza tena. Krepu nzito haikwaruzi sana lakini inafunika sauti nyembamba, hizo hizo unazozitafuta. Iliyo bora ni pamba nyepesi iliyofuliwa mara nyingi, mtandio mmoja tu bila kofia ya ndani inayobana. Nimeanza kujishonea ushungi wenye nafasi zaidi ubavuni, penye masikio, na kipande cha voile nyembamba mahali hapo. Mikwaruzo imepungua sana. Kiziba nacho kinasaidia, kwa sababu kikikaa sawasawa sauti haivuji na mluzi hauji. Mwanamke anayefunika kichwa aende kufungiwa akiwa na mtandio anaouvaa kila siku, na amwombe mtaalamu apime akiwa ameufunga. Wangu alikubali mara moja na akakiri ni mara ya kwanza kuombwa.

Joto la pwani ni adui mwingine. Jasho linaingia kwenye mrija, matone yanakaa katikati, na sauti inakatika kana kwamba betri imekwisha. Nimepewa kipuliza kidogo cha mpira cha kutoa maji, na usiku mashine inalala kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, mlango wa betri ukiwa wazi. Mrija wenyewe hukakamaa, ukawa wa njano. Kuubadilisha kila baada ya miezi michache ni lazima na ni kazi rahisi. Hapa ndipo napoisifu hii ya wazee: sehemu zake zenye umeme zote ziko nyuma ya sikio. Ndani ya tundu, penye nta na jasho, kuna kiziba tu, nakitenganisha na mashine na kukiosha kwa maji na sabuni. Zile zenye spika ndani ya sikio zina kichujio kidogo cha nta, kikiziba mashine inanyamaza.

Inanipa nini? Sita na tisa zimeachana. Nasikia cherehani ikianza kulalamika kabla uzi haujakatika. Nasikia adhana ya alfajiri bila kuamshwa, maana naivaa mapema. Mama akinipigia simu tunapiga kelele wote wawili kama zamani, lakini sasa namwelewa.

Isichonipa nacho kiandikwe. Harusini, penye muziki, haisaidii chochote, naizima. Wakikaa watu sita wakazungumza kwa pamoja, napata nusu ya maneno. Mvua ikipiga bati, mazungumzo yameisha. Mashine inakuza sauti, ila sehemu ya ndani ya sikio iliyokwisha kufa hairudi, kwa hiyo hata sauti ikiwa kubwa, maneno mengine yanafika yamevunjika. Nyumbani tumeweka utaratibu: niite jina kwanza, subiri nikutazame, ndipo useme. Mume wangu amelishika hili vizuri kuliko watoto. Na ipo siku, kama ilivyo kwa mama sasa, ambapo hata mashine ya nguvu haitoi maneno tena. Zamani jibu la hapo lilikuwa safari ya India. Tangu mwaka 2017 Muhimbili wanapandikiza kifaa ndani ya sikio kinachopeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia. Gharama yake ni ya ngazi nyingine kabisa, lakini nimefarijika kujua kwamba mwisho wa mashine si mwisho wa njia.

Binti yangu ana miaka kumi na sita. Nusu kwa nusu. Nilimpeleka kupimwa kabla ya dalili yoyote, na shangazi yake akanilaumu kwamba namwita balaa. Mimi nasema balaa ni lile la bibi, kukaa miaka bila kujua una nini huku ukimchukia mtu asiye na kosa. Kwa sasa anasikia vizuri, na atapimwa kila mwaka kama mimi. Kupimwa kwake hakuzuii kilichomo kwenye damu, ila kelele anaweza kuzikwepa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na spika za masikioni za simu zinaupita kirahisi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka kikomo kwenye simu yake. Mwalimu wake wa darasa nimemweleza, ameahidi kunipigia akiona anaanza kuomba arudiwe maneno.

Nampa nani ushauri wa kununua mashine hii? Aliye na ukoo kama wetu, mwenye chati mbili au zaidi zinazoonyesha kuteremka. Mzee ambaye vidole vyake haviwezi tena vitu vidogo, maana hii inashikika. Mama wa pwani mwenye mtandio, kwa masharti niliyoyataja. Lakini ambaye usikivu wake ulipungua mara moja ukasimama hapo hapo miaka yote, hana haja ya kubeba nguvu asiyoitumia. Ile nyembamba ya kuchaji itampendeza zaidi, mradi umeme wa kwake ni wa kuaminika.

Kabla ya kulipa, pata mambo matatu kwa maandishi: dhamana ni ya muda gani, kupangiwa upya kila mwaka ni bure au kwa pesa, na mashine ikiharibika inatengenezwa hapa nchini au inasafirishwa. Mimi niliandikiwa miaka miwili, kupangiwa upya bure ndani ya muda huo, na matengenezo nje ya nchi. Hilo la mwisho ndilo sikulipenda, kwa sababu ikisafiri nabaki wiki kadhaa na sikio moja. Niliomba mashine ya kuazima kwa kipindi hicho, na walikubali. Iombeni na nyinyi, wanazo ila hawazitaji mpaka uulize.